Kihisi cha Tangi la Pili

Zamani tulimwita Foibe Chilongani
agonge tangi la shule kwa kifundo cha kidole,
kutoka chini kwenda juu, sikio kwenye plastiki:
bu, bu, bu,
halafu ghafla, ko.
"Yameishia hapa," na alama ya mkaa ikachorwa.
Hakukosea zaidi ya upana wa kiganja.

Kisha akaja fundi Malogo na ngazi ya kuazima,
akafunga chini ya mfuniko kidude kama kiberiti,
na juu yake kipande cha sola, saizi ya daftari.
Jina lake kihisi.
Namba ya simu akaweka yangu,
maana mimi ndiye katibu wa kamati ya maji Handali,
na simu yangu hushika mtandao
nikisimama juu ya jiwe la kusagia.

Alfajiri ya kwanza:
TANGI 2. LITA 4,700. SIKU 47.
Nikahesabu kwa vidole, vikaisha, nikarudia.
Septemba haijafika nusu,
upepo unakwangua uwanja wa shule hadi mawe yanaonekana,
korongoni watu wanachimba mchanga mpaka kiunoni
wapate kikombe kimoja chenye rangi ya chai.
Siku arobaini na saba zinaishia Oktoba,
na mawingu ya hapa hayaijui Oktoba.

Foibe akauliza, "Hicho kidude kinaongeza maji?"
Nikasema hapana.
"Basi kinakupunguzia usingizi tu."

Kweli. Saa tatu usiku simu ikalia:
LITA 20 ZIMETOKA.
Kesho yake, saa tatu na dakika kumi, tena.
Na tena.
Ndoo tano kwa siku ndizo uji na kunywa kwa watoto;
kwa usiku kumi, siku zao mbili
zimeondoka gizani, bila kuaga.

Kihisi kinahisi maji. Mimi nikaanza kuhisi watu.
Nilimhisi Ndahani mlinzi, mbuzi wake wananawiri mno.
Nilimhisi mwalimu mgeni wa hesabu, anayeoga asubuhi na jioni.
Mungu anisamehe,
nilimhisi hata Foibe.

Usiku wa kumi na moja nikaaga nyumbani, nakwenda kikaoni,
nikajibanza nyuma ya stoo ya majembe.
Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha.
Ikaja ndoo ya bluu, kishikio kimeviringishwa kitenge.
Nikakijua kishikio kabla sijaujua mkono.

"Perisi."

Hakukimbia. Alifunga koki kwanza,
akangoja tone la mwisho liingie ndooni,
ndipo akageuka.
"Shati lako jeupe," akasema,
"lile unalovaa ukiwasomea watu namba.
Ulidhani linafuliwa na upepo?"

Jumamosi nikasimama mbele ya mkutano,
kola ina rangi ya udongo wa Handali.
Nikasoma: tangi la pili, ndoo kumi na moja,
nyumba ya katibu.
Mtu mmoja akacheka, akajuta, akakohoa.
Ndahani akatazama viatu vyake, nami nikatazama vyangu.
Foibe akainuka taratibu kwenye benchi,
akanigonga kifuani kwa kifundo cha kidole,
mara tatu, toka chini kwenda juu, sikio likiwa karibu.
Hakusema maji yameishia wapi.

Faini ni ndoo kumi na moja za korongoni,
nizichote mwenyewe, kwa kichwa changu mwenyewe.
Perisi alitaka kusaidia. Nilikataa,
kisha nikakubali anishikie ngazi.

Leo nimemimina ya kwanza, nimeichuja kwa kanga mara mbili.
Shingo inauma. Mfukoni simu ikatetemeka:

LITA 20 ZIMEINGIA.

Kidude cha watu.
Labda kilidhani ni mvua.